Kaseti za Mama Chomba

Tuelewane tangu mwanzo: Kalenga hakuwa DJ. Alikuwa kijana wa mtaa wa Kamalondo aliyependa miziki, na wa namna hiyo walijaa kila barabara. Mbele ya watu alikuwa amepiga mara moja tu, kwenye karamu ya kumaliza kilio cha jirani, na hata siku hiyo redio ilimeza kaseti, wajomba wa marehemu wakaimba wenyewe kwa midomo. Lakini mwaka ule wa tisini na saba Lubumbashi yote ilikuwa imepinduka, kazi nyingi zilibaki bila wenyewe, na mtu yeyote mwenye mdomo aliweza kujaribu bahati yake.

Askari wapya waliingia mwezi wa nne. Wale wa zamani walivua magwanda wakayatupa kwenye mitaro, wakakimbia na walichoweza kubeba. Nchi ilibadilishwa jina, bendera ikabadilishwa, na watu ambao jana waliitana "citoyen", yaani mwananchi, hawakujua tena waitane nani. Katika waliokimbia alikuwemo Pierre, DJ wa baa moja pale Kamalondo. Huyu Pierre alikuwa na desturi ya kuwasalimu wateja wakubwa katika mikro, kipaza sauti chake, kama ma-DJ wote, na wateja wake wakubwa walikuwa maofisa wa kambi ya jeshi. Aliwataja jina na cheo, kila Jumapili, na mtaa mzima ulisikia. Basi risasi zilipoanza upande wa Luano, kwenye uwanja wa ndege, hakungoja kuulizwa kitu. Alipakia disiki zake zote za miziki kwenye lori la kwenda Kasumbalesa, mpakani, akavuka kuingia Zambia, akaacha ampli moja, bafle mbili za kutolea sauti na kiti.

Mwenye baa alikuwa Constantin, Munande wa Butembo, mfanyabiashara wa jumla: sabuni, mafuta ya kupika, unga, bia, na malori ya kuvileta. Jumapili asubuhi aliimba kanisani na wazee wenzake, mchana alikaa mlangoni mwa baa yake na chupa ya Fanta. Watu walimtania sana kwa hilo. Yeye alijibu kwamba hauzi dhambi, anauza vinywaji, na kila anayekuja na dhambi ameitoa kwao.

Kalenga alimkuta hapo mlangoni.

"Miziki uko nayo?" Constantin alimuuliza.

"Niko nayo, patron. Mingi."

"Umekwisha kupiga wapi?"

"Kila mahali."

Constantin alimtazama viatu, kisha uso. Alijua anadanganywa, lakini bafle zilikuwa zimekaa kimya tangu vita, na baa isiyo na muziki ni bohari tu.

"Mimi niko na sharti moja," alisema. "Muziki isikatike. Courant ikienda, jenereta iko, usiniletee habari ya courant. Ukisikia njaa, vumilia. Muziki ikikatika watu wanaanza kusikia mambo ya inje, wanakumbuka kwao, wanaamka wanaenda. Siku utaiacha ikatike mbele ya watu, hiyo siku unarudi kwenu. Umesikia?"

"Nimesikia, patron."

Walipatana Jumapili tatu za kumjaribu. Zote mchana, kwa sababu jua likizama hakuna aliyeruhusiwa kutembea. Akifaulu, kazi ni yake, na malipo yatatoka bohari: unga, mafuta, sabuni. Kalenga aliitikia haraka mno. Kwao, ua au lupango la pili kutoka kona, baba yake Papa Ngosa alikuwa ameacha kazi ya mgodi bila kupewa haki yake, dada zake wawili walikuwa bado wa shule, na bukari, ugali wa kwetu, ilipikwa mara moja kwa siku, tena nyembamba. Unga wa Constantin ndio ungewavusha kipindi cha baridi. Kwa hiyo alisema yuko tayari, na alipofika barabarani ndipo alipokumbuka kwamba hana hata kaseti moja.

Disiki alijua ziko wapi. Rafiki yake Merdi alirithi kabati nzima kwa kaka yake, rumba za kila umri, pamoja na mashine ya kuzisomea. Merdi alikuwa mkali kwa disiki kuliko kwa mke wake. "Disque haitoke hapa," alisema. "Lakini kopia unaweza kufanya. Leta kaseti." Shida ikawa hiyo. Maduka yalikwisha kuporwa, na kaseti tupu hazikuonekana mji mzima.

Hapo ndipo Kalenga alipokumbuka valizi iliyokuwa chini ya kitanda cha baba yake.

Mama yake aliitwa Chomba. Sokoni aliuza samaki wakavu, na alijulikana kwa sauti: alimwita mteja toka upande wa pili wa barabara, na mteja alikuja hata kama hakutaka samaki. Kwa ajili ya sauti hiyo walimweka awe mwimbishaji wa animasio ya mtaa. Vijana wa siku hizi hamjui animasio, na heri yenu. Ilikuwa nyimbo na ngoma za kusifu chama na mkuu wake. Shuleni, kazini, mtaani, kila mtu alizicheza alipoamriwa, mikono juu, kiuno kushoto, kiuno kulia, na asiyecheza alitafutwa kwao. Mama Chomba aliongoza, wanawake wenzake waliitikia. Chama hakikumpa kitu zaidi ya vitenge vyenye picha ya mkuu huyo. Lakini kuimba alipenda, hilo hakuna atakayelikataa, na alijirekodi kwenye redio ya nyumbani, kaseti moja baada ya nyingine. Alipomaliza kila kaseti alichukua kisu akavunja vile vijino viwili vya juu, ili mtu asije akarekodi juu yake. Kisha homa ilimchukua, miaka mitatu kabla ya vita, na kaseti zikabaki kwenye valizi.

Papa Ngosa alikuwa amekaa uani akitengeneza mguu wa kiti ambao haukuvunjika.

"Papa, naomba zile kaseti za mama. Za kufanyia kazi."

Mzee hakuinua kichwa. "Beba," alisema. "Ni bile binyimbo njo bilitufikisha hapa."

Kalenga alibeba. Alitafuna karatasi ya daftari, akaziba nayo matundu ya vijino, kaseti moja baada ya nyingine, na kila mtu wa wakati ule anajua kwamba karatasi kidogo inatosha kuidanganya redio. Kwa Merdi alifunika upande wa kwanza kwa rumba, akageuza, akafunika wa pili. Hakusikiliza kwanza. Msimwone hana moyo, jamani. Aliogopa. Alijua akisikia sauti ile hata kidogo hataweza kubonyeza kile kitufe chekundu, na Jumapili ilikuwa inakuja.

Kaseti ya mwisho ndiyo ilimletea matatizo. Alikuwa anakopi wimbo mmoja wa rumba ambao Kamalondo yote iliupenda, na ulikuwa umefika mbali, gitaa zikiwa zimeanza kukimbia, umeme ukaenda. Walingoja mpaka jua likakaribia kuzama. Asubuhi Merdi aliondoka kwenda Kasumbalesa kutafuta biashara, akafunga chumba. Wimbo ukabaki hivyo, bila mkia. Kalenga alichora mstari wa buluu kwenye kaseti ile ili akumbuke: hii, ishushe sauti kabla gitaa hazijafika mwisho, uweke nyingine. Baada ya gitaa kulikuwa na kitu cha zamani ambacho hakikufunikwa. Hakutaka kujua ni nini.

Jumapili ya kwanza ilikuwa aibu. Alikuja na redio-kaseti mbili, yake na ya kuazima, akaziunga kwenye ampli ya Pierre, na kichwani alijiona bingwa. Alipiga miziki aliyoipenda yeye, na yeye alipenda zile za taratibu, za mwanaume aliyeachwa akilia dirishani. Akamaliza moja, akaweka nyingine ya namna ile ile. Watu walikaa. Kusikiliza kaseti inayofuata hakuwa na kifaa, ikabidi alaze sikio kwenye redio ya pili huku ya kwanza inapiga, na kurudisha nyuma alizungusha kaseti kwa kalamu ya biki, hewani, kama mtu anayefukuza nzi. Baba mmoja alilala mezani kabisa.

Penye mlango wa kuingilia, Mama Précieuse alikuwa anachoma michopo, nyama ya mbuzi, kwenye mbabula yake ya makaa. Alikuwa rafiki wa Mama Chomba tangu usichana, na ndiye aliyeongoza wale wa kuitikia. Alingoja mpaka Kalenga apite kwenda chooni.

"Mutoto, nakuuliza tu," alisema. "Hapa tuko kwenye kilio ya nani?"

Kalenga alicheka kwa aibu. Nyumbani hakulala vizuri. Lakini kijana hakuwa mjinga, ila alikuwa hajui, na hayo ni mambo mawili. Jumapili ya pili aliacha moyo wake nyumbani, akatumia macho. Aliona kwamba meza za wanawake zikiinuka, wanaume wanafuata wenyewe. Aliona kwamba wazee wakipigiwa wimbo wa ujana wao, hawaoni haya kucheza na mpya unaofuata. Alianza na za zamani, akachanganya, akapanda taratibu, na watu walipokuwa tayari aliweka ile ya mstari wa buluu. Wee! Viti vilibaki vitupu. Watu waliofiwa, waliofilisika, waliokuwa hawajui kesho watakula nini, wote walikuwa katikati wakizungusha kiuno. Kalenga alisimama na kidole kwenye kitufe cha sauti, jasho likimtoka, na gitaa zilipokaribia mwisho alishusha, akaingiza nyingine, hakuna aliyejua. Constantin alimletea Fanta, baridi, kwa mkono wake mwenyewe.

"Bado moja," alimwambia.

Jumapili ya tatu baa ilijaa mapema. Na katikati ya mchana, gari la kijeshi lilisimama nje, likashusha askari wachache na mkubwa wao. Watu walijibana ili wapate nafasi ya kutowatazama. Mkubwa aliitwa komanda Onésime. Ilisemwa alikuwa mwalimu wa shule huko Kalemie kabla hajashika bunduki, na kweli alikuwa na namna ya mwalimu, alikagua meza zote kabla ya kukaa. Si mtu wa kelele. Lakini wiki iliyopita, mtaa wa jirani, askari waliingia kwa fundi cherehani wakamkuta na kitenge chenye picha ya rais wa zamani, wakambeba, na mpaka siku hiyo alikuwa hajarudi. Kila mtu ndani ya baa alikuwa anamfikiria fundi huyo.

Constantin alikuja mbio, tabasamu usoni na woga chini yake. "Msalimie," alimnong'oneza Kalenga. "Kwa mikro. Vizuri. Jina na cheo."

Kaseti iliyokuwa inapiga ilikuwa ya mstari wa buluu.

Kalenga alishika mikro. Hakuwa amewahi kusalimu ofisa, alichojua ni alivyomsikia Pierre, na alijua pia Pierre yuko wapi sasa. Akasema tunamsalimu komanda Onésime, mkombozi, akaona haitoshi, akaongeza simba, akaongeza baba wa vijana, akamsalimu dereva wake, akawasalimu na wale askari wengine, akamsalimu patron Constantin wa Butembo, na maneno yalikuwa yanakuja tu, na macho yake yalikuwa kwa komanda, ambaye hakuwa anacheka. Kidole hakikuwa kwenye kitufe.

Gitaa zilikatika. Kikasikika kitu kama kipande cha mti kinachovunjika. Halafu filimbi, ngoma, makofi ya wanawake, na sauti moja ikapanda juu ya vyote, sauti ya mtu anayemwita mteja toka upande wa pili wa barabara.

"Kamalondo, muko?"

"Tuko!" wanawake waliitikia ndani ya kaseti.

"Mikono iko wapi?"

Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa. Watu waliinuka. Hakuna aliyewaza. Baba aliyelala Jumapili ya kwanza aliinuka, mwalimu mstaafu aliinuka, wauza nyanya waliinuka, wakajipanga mstari, mikono juu, kiuno kushoto, kiuno kulia. Miaka zaidi ya ishirini walikuwa wameamriwa na sauti za namna ile, na miguu haikuwa imepata habari kwamba serikali imeanguka. Walicheza hivyo kwa kitambo kifupi sana. Kisha mmoja alimwona askari ameshika bunduki kwa mikono miwili, akasimama, na wote wakasimama, mikono ikiwa bado hewani. Haikujulikana tena kama wanacheza au wamejisalimisha.

Kaseti iliendelea. Mama Chomba alikuwa anaimba.

Kalenga alikuwa ameweka kidole kwenye kitufe cha kuzima. Kukibonyeza ilikuwa kazi ya kufumba jicho, na redio ya pili ilikuwa na wimbo tayari. Hakubonyeza. Kwa miaka mitatu hakuwa amesikia sauti ile, na alikuwa amesahau kwamba mama yake alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu kabla ya kupandisha, hata pumzi ilisikika. Sasa aliisikia. Machozi yakaanza mbele ya watu wote, na hakujali.

"Kalenga!" Constantin alisema kwa meno. "Toa!"

Komanda Onésime aliinuka, akaja mpaka kwenye mashine, akasimama. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo.

"Nani anaimba?" aliuliza.

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema kaseti ameinunua sokoni hivyo hivyo, na nusu ya Lubumbashi ingemsaidia kuapa.

"Ni mama yangu," Kalenga alisema.

"Yuko wapi?"

"Alikufa, komanda."

Komanda alinyoosha mkono, kiganja juu. Ndipo Kalenga alipobonyeza. Kabla sauti haijakatika kabisa aliingiza redio ya pili, hata sasa sielewi alipata wapi akili hiyo, na wimbo ukatoka kwenye bafle kana kwamba hakuna kilichotokea. Alitoa kaseti, akaiweka kwenye kile kiganja. Komanda aliitia katika mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Endelea kupiga," alisema. Akawaita askari wake wakaondoka.

Watu walishusha mikono. Constantin alikaa kwenye kreti tupu akajipangusa uso kwa leso. Lakini alikuwa mtu wa biashara, na aliona kwamba hakuna aliyepigwa, hakuna aliyebebwa, na muziki haukukatika.

"Kazi ni yako," alimwambia Kalenga. "Lakini ukiniletea tena kaseti ya namna ile, nitakutoa mimi mwenyewe, sitangoja askari."

Kalenga alirudi kwao na unga mgongoni na mafuta mkononi. Dada zake walimpokea kwa vigelegele. Papa Ngosa alikuwa uani. Habari ilikwisha kumfikia, Kamalondo ni ndogo. Alimwacha kijana aweke mzigo chini.

"Banasema alisikika," mzee alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Aliimba muzuri?"

"Muzuri sana, Papa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakula bukari ile siku hiyo, nayo ilikuwa nzito kama inavyotakiwa.

Wiki nzima Kalenga alizipitia kaseti nyingine. Alizisikiliza mwisho wa kila upande, sikio kwenye redio, labda kuna kipande alichoruka, labda makofi tu, labda pumzi ile. Hakuna. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri, upande wa kwanza na wa pili, mpaka utepe ulipokwisha. Kilichobaki cha mama yake kilikuwa ndani ya mfuko wa askari, na alikitoa mwenyewe, kwa mkono wake, ili apate kazi. Alijichukia. Alijaribu kujiambia kwamba asingekitoa wangekichukua, na hilo lilikuwa kweli, lakini halikumsaidia.

Jumapili iliyofuata baa ilijaa mpaka ukutani, maana kila mtu alitaka kuona mahali jambo lile lilipotokea. Kalenga alipiga kama hajawahi kupiga. Za zamani, mpya, akapanda, akashusha wapumue, akapanda tena. Constantin alikuwa amemletea kiti kipya. Watu waliita jina lake, DJ Kalenga, DJ Kalenga, na yeye alitikisa mkono. Kazi aliyoidanganyia sasa aliijua.

Katikati ya hayo Mama Précieuse aliingia ndani. Mama huyo hakuwahi kuacha mbabula yake, hata mvua ikinyesha aliifunika kwa mwili. Alipita kati ya wachezaji, mikono ina masizi, akamshika Kalenga kwa mkono wa shati.

"Kuya inje."

"Mama, niko kwenye kazi. Wimbo iko karibu kuisha."

"Nakuambia kuya."

Alimtazama usoni, akaona mama huyo amelia. Alitazama redio. Utepe ulikuwa umebaki mwembamba, na ile ya pili hakuwa ameitia kaseti. Alimwona Constantin mlangoni na Fanta yake. Alikumbuka sharti, lilikuwa moja tu. Kisha alitoka nyuma ya mashine akamfuata Mama Précieuse.

Gari la komanda lilikuwa limesimama kando ya mbabula, karibu na ukuta. Onésime alikuwa peke yake ndani, bila askari, bila kofia, kioo kimeshushwa. Redio ya gari ilikuwa inaimba kwa sauti ndogo, mtu aliyepita upande wa pili asingesikia kitu.

"Kamalondo, muko?"

Kalenga alisimama penye dirisha la gari. Komanda hakushtuka wala hakuzima. Alisogeza kiwiko chake ndani, ili kijana apate mahali pa kuegemea.

"Kalemie tulikuwa tunacheza hii uwanjani," alisema. "Mama yangu alikuwa ananipanga mbele, nimwone akicheza. Nilichukia. Nilikwenda vitani kwa sababu ya mambo kama haya." Alisikiliza kidogo. "Huyu mama alikuwa na pumzi."

"Alikuwa anauza samaki," Kalenga alisema. "Alijua kuita watu."

Wakasikiliza. Mama Précieuse alikuwa amerudi kwenye mbabula yake, anageuza michopo, na kila mara sauti ilipouliza, yeye aliitikia chini kwa chini pamoja na wenzake wa ndani ya kaseti, bila kukosea hata mara moja.

Ndani ya baa wimbo ulifika mwisho. Redio ilibonyeka yenyewe, na bafle za Pierre zikanyamaza. Kwanza watu walingoja wakidhani ni mchezo wa DJ. Halafu viti vilianza kusogezwa. Mtu aliuliza saa. Kwa mbali, upande wa kambi, risasi moja ililia, na sasa ilisikika, na wanawake wa meza ya kwanza wakaanza kukusanya vitenge vyao.

Constantin alitoka nje. Alisimama nyuma ya Kalenga, akatazama gari, akamtazama komanda, akaogopa kupaza sauti.

"Kalenga," alisema. "Muziki imekatika."

Kalenga hakugeuka. Mama Chomba alikuwa anavuta pumzi ili apandishe.

"Najua, patron," alisema. "Tumuachie mama amalize kwanza."